Ngamia Niliyempoteza Pelekech

Ejore aliponiambia kuna watu wanaolipa ili wapande mlima, nilimuuliza wamepoteza nini huko juu.

"Hawajapoteza kitu, Ata."

"Basi mbuzi wa nani amepotea?"

"Hakuna mbuzi. Wanapanda tu, halafu wanashuka."

Nikamtazama machoni vizuri. Jua la Lodwar limeshaharibu watu wenye akili kuliko yeye. Macho yalikuwa sawa.

"Wanapanda, wanafika. Halafu?"

"Wanapiga picha."

"Picha ya nini?"

"Ya mlima."

"Si mlima unaonekana vizuri zaidi ukiwa chini?"

Hapo akachoka nami. Ejore ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, ndiyo maana ananiita Ata, nyanya, na si mtoto tena. Ana mke, ana watoto, na ana mgongo uliolia mapema kwa sababu ya kupakia malori kule Lokichoggio. Akaenda kusomea kazi ya kuelekeza wageni milimani. Akapewa cheti na kofia. Sasa kampuni moja ya Nairobi ilikuwa inaleta kikundi kujaribu mlima wetu wa Pelekech, na mkubwa wao, mama anayeitwa Nekesa, alikuwa anakuja mwenyewe kuona kwa macho yake. Akiupenda, Ejore atapewa kikundi kila mwezi. Asipoupenda, wageni watapelekwa mlima mwingine, wa watu wengine, naye atarudi kwenye magunia. Alinieleza jambo hilo mara nyingi sana, kana kwamba mimi ndiye mlima.

Tatizo lilikuwa utamaduni. Wageni walikuwa wameahidiwa mlima na utamaduni. Mlima ulikuwepo. Utamaduni Ejore alikuwa ameupanga Kakuma, kikundi cha wacheza ngoma wenye manyoya ya mbuni, na wale wachezaji wakachukuliwa na shirika lililokuwa linafungua vyoo vipya siku hiyo hiyo.

"Kwa hiyo utamaduni umekwenda kufungua choo," nikasema.

"Ata, usicheke. Utakuja wewe."

"Kufanya nini?"

"Kuwa pale tu. Vaa shanga zako zote. Wakiuliza kitu, jibu."

Nimekuwa vitu vingi katika maisha yangu. Nimekuwa mke, nimekuwa mjane, nimekuwa mpishi wa shule, nimekuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama mpaka wakanitoa. Utamaduni nilikuwa bado. Na nilizaliwa chini ya Pelekech hiyo hiyo, nikaondoka nikiwa msichana, nikawa na hamu ya kuiona tena. Nikavaa shanga.

Gari lilitukuta Lodwar karibu na daraja la Turkwel. Nekesa alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, mwenye filimbi shingoni kama mwalimu wa michezo. Ndani ya gari walikuwa watu saba au wanane ambao majina yao yalinichanganya nikaamua wote ni "mtoto wangu." Mmoja tu nilimshika jina mara moja, mzee Gitau, aliyestaafu benki, magoti yote mawili amefunga kitambaa. Akaniita "cucu," nyanya kwa Kikuyu, na nywele zake nyeupe kuliko zangu. Nikamwita "babu." Akaacha.

"Mama Awoi," akaanza upya, "wewe ni mwelekezi pia?"

"Hapana. Mimi ni utamaduni."

Akaniandalia nafasi karibu na dirisha kwa heshima kubwa.

Kakuma tulimchukua Jeanine, msichana Mkongo aliyekulia kambini kwa wakimbizi, ambaye Nekesa alikuwa amemwajiri kupiga picha. Kiturkana chake alikijifunza sokoni, kwa hiyo alijua kuuliza bei ya kila kitu na kutukana kidogo. Tukapita kwa chifu, tukamsalimia, akatuambia mlima hauna neno. Tukanywa chai kwa Msomali karibu na laga ya Tarach, ule mto wa mchanga mtupu, tukalala, na asubuhi gari likatupeleka hadi mahali ambapo gari haliwezi kitu tena.

Wageni wakafungua mabegi, wakatoa fimbo za chuma. Fimbo mbili kila mtu. Nikamuuliza Ejore kama wote wanaumwa. Akaniambia ninyamaze na nishike mkia wa punda.

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yangu ya kupanda. Punda alibeba maji, mimi nilibebwa na mkia wa punda, na kwa namna hiyo utamaduni ulipanda mlima bila kuchoka sana. Mbele yangu wageni walikwenda kwa mstari, kimya, kila mmoja akiangalia chini, kwa sababu mawe ya Pelekech hugeuka chini ya mguu kama yanakutania. Mara mmoja anasimama na kuinama kufunga kamba za kiatu. Mara mwingine anatoa darubini na kuangalia makorongo. Na mzee Gitau alipoona kinyesi kikavu cha ngamia njiani, alipiga magoti, yale magoti yake, akakipiga picha kutoka pande zote.

Sikuona ubaya. Nilikuwa nyuma, nikiangalia matako ya punda. Aliyeona ni Lokuruka.

Lokuruka alikuwa amekaa juu ya mwamba kwenye kiti chake kidogo cha mbao tangu jua linachomoza, na mbuzi wake walikuwa chini yake. Aliona watu wanapanda kwa mstari, macho ardhini. Wanasimama, wanainama, wanachunguza mavi, wanaangalia mbali, wanaendelea. Wana maji na chakula cha safari ndefu. Wana wanawake, kwa hiyo si vita. Kwetu watu wakitembea hivyo wanafuata nyayo za mnyama aliyepotea, na mwenye macho haulizi kama amealikwa. Unaacha shughuli yako, unaingia kwenye mstari, unatafuta nao, maana kesho atakuwa wako amepotea. Baba yangu aliwahi kuacha nyama motoni akafuata punda wa watu asiowajua, akarudi wakati mwezi umekonda, na mama yangu hakumuuliza kitu ila kama walimpata.

Basi Lokuruka akashuka na vijana wawili kuja kusaidia.

"Ejok?"

"Ejok-nooi," Ejore akaitikia.

Wakasalimiana sawasawa. Majani, mvua, kikohozi cha mbuzi, watu wa bonde la pili. Wageni wakasimama wakitabasamu, hawaelewi neno. Kisha Lokuruka akauliza kilichomleta:

"Mnyama gani?"

"Hakuna mnyama, Apa," akasema Ejore, akimwita baba kama anavyoitwa kila mzee. "Hawa ni wageni wangu. Wanatembea."

"Kwenda wapi?"

"Juu."

"Juu kwa nani?"

"Kwa... juu tu. Halafu tunarudi."

Lokuruka akatoa tumbaku shavuni. Mturkana akitoa tumbaku kabla haijaisha utamu, jua kuna jambo.

"Mwaka jana," akasema, "walikuja watu wenye hayo macho ya kuning'inia shingoni. Nao walisema wanatembea. Walipoondoka tukakuta vigingi vyekundu vimepigwa bondeni, na mpaka leo hakuna mtu ametuambia ni vya nini. Kijana, mtu hapandi jua hili bure. Kama hamtafuti mnyama, mnatafuta mlima wenyewe. Rudini."

"Apa, chifu anajua..."

"Chifu hana mbuzi huku. Rudini."

Nekesa akaona nyuso zimebadilika. "Ejore, kuna shida?"

"Hakuna shida, madam. Wanasalimia."

Lakini jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye cheti, kile alichokitundika kifuani. Nikamwona mabega yanashuka, yanakaa kama mtu aliyewekewa gunia la mahindi. Alikuwa anasafiri kurudi Lokichoggio akiwa amesimama palepale. Nami nikaachia mkia wa punda.

"Usimsikilize huyu," nikamwambia Lokuruka. "Anaona aibu kwa sababu ni mali ya nyanya yake. Tunatafuta ngamia. Ni wangu."

Lokuruka akarudisha tumbaku shavuni.

"Jike?"

"Jike."

"Rangi?"

"Ya vumbi."

"Sikio?"

"La kushoto limepasuliwa."

"Chapa?"

Nikamchorea mchangani kwa fimbo chapa ya ukoo wa baba yangu.

"Ana ndama?"

"Alizaa. Ndama akafa."

Sijui kwa nini nilimuua yule ndama. Mtu akianza kusema uongo hajui utampeleka kwa nani.

"Tabia yake?"

Hapo ningenyamaza. Mtu mwenye busara angenyamaza. Nikasema, "Hakubali kukamwa asipoimbiwa."

Hata Ejore alionekana kumwonea huruma ngamia huyo.

Lokuruka akawanyooshea wageni kidevu. "Na hawa ni nani wako?"

"Marafiki."

Akamwangalia mzee Gitau, aliyekuwa ameinama, mikono magotini, anapumua kama kiriba kinachovuja. "Huyu mzee naye anatafuta? Kwa hali hiyo?"

"Alikataa kubaki."

"Ana moyo," akasema Lokuruka, na nikaona imemwingia kweli. Akaenda akamshika Gitau mkono, akautemea mate kidogo ya baraka. Gitau akaniangalia.

"Ni utamaduni," nikamwambia.

Kisha Lokuruka akaweka mikono mdomoni, akapiga ukelele kuelekea kilima cha pili. Kilima cha pili kikajibu. Kikapeleka kwa cha tatu. Nikasikia ngamia wangu anakwenda hivyo, na sikio lake na chapa yake na ndama wake marehemu, mpaka mahali ambapo sauti haisikiki tena.

Watu wakaanza kutokea. Walitoka kwenye mawe, kwenye vichaka, akina mama na vibuyu vyao, wazee na viti vyao. Wakajiunga na mstari wetu. Nekesa akawa anageuka nyuma anahesabu, anashindwa, anacheka.

"Ejore! Hawa wote umewapanga wewe?"

Ejore akarekebisha kofia. "Kidogo, madam."

Aliyenishika ni Jeanine. Alikuja akapunguza mwendo mpaka kwenye mkia wa punda.

"Bibi, hawa batu banasema unapoteza ngamia. Njo kweli?"

"Sema polepole, mtoto wangu."

"Sasa miye natafuta ao natembea?"

"Fanya vyote viwili."

Akafikiri. Halafu, badala ya kunyamaza kama nilivyomwonyesha kwa jicho, akakimbia mbele akamwambia Gitau, na Gitau hakuwahi kutunza siri nje ya benki. Kabla hatujapita mwamba wa pili wageni wote walikuwa wanajua kwamba bibi amepoteza ngamia jike, rangi ya vumbi. Nilingoja wakasirike. Walifurahi! Wale waliokuwa wanalalamika malengelenge wakasahau miguu. Nekesa akapuliza filimbi, akagawa watu: nyinyi kulia, nyinyi kushoto, mwenye darubini abaki katikati. Gitau akamwona ngamia mara kadhaa. Mara alikuwa jiwe, mara alikuwa jiwe lingine, mara alikuwa Ejore.

Mimi sasa nikawa sielewi. Wageni waliokuja kutembea bure walikuwa wanatafuta. Wafugaji waliokuja kutafuta walikuwa wanatembea na watu waliokuja bure. Na Ejore, ambaye kazi yake ilikuwa kuelekeza, alikuwa anamfuata Lokuruka, Lokuruka ananiangalia mimi nimwonyeshe upande ngamia wangu anaopenda, nami nilinyoosha mkono popote upepo ulipotoka, ili nipate hewa.

Tukafika kwenye chemchemi iliyo karibu na kilele. Hapo ndipo tulipopanga kula. Wageni wakatoa mikate yao, akina mama wakatoa maziwa ya mgando, watu wakabadilishana, kila mtu akala cha mwenzake kwa uso wa adabu. Ejore alianza kupata rangi. Akanong'ona, "Ata, tukishuka salama, sitakusahau." Nikamwambia anipe mkate.

Ndipo ukelele ukasikika kutoka upande wa pili wa mlima.

Vijana wawili walikuwa wanashuka kwenye kijia na ngamia nyuma yao. Jike. Rangi ya vumbi. Walipomsogeza karibu nikaona sikio la kushoto limepasuliwa. Nikaona paja. Chapa ya baba yangu.

"Mama," akasema yule wa mbele, amechoka, amefurahi, "mnyama wako."

Wageni wakapiga makofi. Gitau akavua miwani akajifuta machoni. Mimi nilisimama. Kichwa kilikuwa kinaniambia: Awoi, huyu ulimtunga. Macho yakaniambia: mbona ana miguu?

Baadaye nilielewa kidogo. Rangi ya vumbi ndiyo rangi ya ngamia. Chapa ile iko kwenye mapaja ya ngamia wengi kutoka Kakuma mpaka Kaaleng, kwa sababu sisi ni ukoo wa watu wanaozaana. Na ukoo wetu wote hupasua sikio la kushoto. Nilipodanganya nilichukua ngamia aliye karibu, yule ambaye mtu yeyote wa kwetu angemtaja. Lakini pale chemchemini sikuwaza hayo. Nilimzunguka yule mnyama, naye akanizungushia macho.

"Mwenyewe amkame," akasema Lokuruka, kwa upole, kama jambo la kumalizia tu. Watu wakatengeneza duara. Mama mmoja akanipa chombo cha mti.

Nikakipokea, nikapiga hesabu. Ngamia akinipiga teke, mimi ni mwongo, na mlima huu umefungwa kwa Ejore na kwa kila mtu atakayekuja nyuma yake na darubini. Asiponipiga, basi ni wangu mbele ya mashahidi wote hawa, nami ni mwizi, na kuna boma mahali fulani ambako wanangoja maziwa na hayaji. Nilimwangalia Ejore. Ejore alikuwa anaangalia mawingu, na mawingu hayakuwepo.

"Mwimbie," Lokuruka akanikumbusha. "Si ulisema anaimbiwa?"

Nyimbo zote zikanikimbia. Nyimbo za mama yangu, za ngamia, za harusi, zote. Ukabaki mmoja tu, ule tunaouimba kanisani Lodwar wakati wa kutoa sadaka. Nikasimama kwa mguu mmoja, chombo juu ya paja, nikaanza kwa sauti ya mbu. Na wageni, Mungu awasamehe, walikuwa wanaujua! Nekesa akadakia. Wale watoto wangu wote wakadakia. Gitau akaingia na sauti nzito ya chini, akapiga na mguu. Ngamia akainua kichwa, akageuza masikio, akatoa pumzi ndefu, na maziwa yakashuka.

Mama mmoja akashika mdomo. "Hata wageni wake wanaujua wimbo wa ngamia!"

Basi, ushahidi gani tena? Watu wakaanza kunipongeza. Chombo kilikuwa kinajaa povu mkononi mwangu, na kadiri kilivyojaa ndivyo nilivyokuwa mwizi. Nikafikiri juu ya lile boma nisilolijua. Nikanywa funda moja ili nipate muda, na lile funda ndilo lililonisaidia.

"Si huyu," nikasema.

Mikono ya pongezi ikashuka.

"Sikio lake," akasema Lokuruka. "Chapa yake. Rangi yake. Wimbo wake."

"Maziwa si yake. Maziwa ya wangu yana chumvi. Haya ni matamu."

"Amebadilisha majani."

"Hata akila sukari mwaka mzima. Wangu ana chumvi."

Chombo kikapokonywa, kikazunguka. Wazee wakaonja, wakafunga macho, wakatema, wakaonja tena. Mmoja akasema chumvi iko kwa mbali. Mwingine akasema chumvi iko kwenye ndevu zako. Wakagawanyika. Mmoja akauliza, kwani yule mzee mwenye moyo anasemaje? Chombo kikapelekwa kwa Gitau. Akaonja kwa makini sana.

"Kwangu mimi yana moshi," akasema.

Jeanine akatafsiri. Wazee wakaguna, wakatikisa vichwa. Moshi ulikuwa wa chombo, kila mtoto anajua chombo husafishwa kwa moto. Lakini neno la Gitau lilikuwa na uzito, kwa sababu alikuwa ameteseka kuliko wote, na hakusema chumvi.

Lokuruka akaja karibu yangu mpaka nikasikia harufu ya tumbaku yake.

"Nimeona watu wakigombania ngamia asiye wao," akasema taratibu. "Sijawahi kuona mtu akimsukuma ngamia anayempa maziwa. Awoi, wewe ama ni mkweli kupita kiasi, ama huna ngamia."

Nzi alitua puani kwangu nikamwacha. Ejore nyuma yangu alikuwa ameacha kupumua, nilimsikia akiacha.

"Basi huyu ni wa mwingine," akasema Lokuruka kwa sauti, akiwageukia watu. "Tutatafuta boma lake. Na wa huyu mama tutaendelea kumtafuta mpaka apatikane."

Kama alijua, mimi sijui. Nimelala na swali hilo pande zote mbili.

Tukashuka. Hakuna aliyevunjika. Kakuma, kwa Msomali, Nekesa aliweka kikombe chini, akatuangalia mimi na Ejore kwa zamu. Ejore alikuwa anakunja kofia mkononi kama chapati.

"Nimepeleka watu milima mingi," Nekesa akasema. "Kila mahali ni ngoma, viti vya plastiki, makofi, kwaheri. Lakini hii! Niambieni ukweli. Nani alitunga ule mchezo?"

"Mchezo?" Ejore akauliza.

"Wa ngamia."

Ejore akaniangalia. Mimi nikaangalia ndani ya chai.

"Ni... Ata."

"Mama, hongera! Na yule mzee aliyejifanya amekasirika pale mwanzo, mimi mwenyewe niliogopa. Nina mambo mawili tu ya kurekebisha. Ngamia apatikane mapema kidogo, kabla ya chakula, watu walikuwa na njaa. Na usimkatae. Wageni walisikitika."

"Nitaongea na ngamia," nikasema.

Hivyo ndivyo Pelekech ilivyopata kikundi cha kila mwezi. Ejore alifurahi hadi akanunua soda, akainywa yote peke yake, akasahau kwamba nipo.

Yule ngamia boma lake lilipatikana. Alikuwa wa mzee anayeitwa Ebei, upande wa Kaaleng, naye alinitumia salamu kwa dereva wa lori: kwamba nyumba yake yote inaniombea kwa sababu ya ukweli wangu. Dereva akaisema stendi ya Lodwar, ikafika kanisani, na mchungaji akanisimamisha mbele ya watu kama mfano. Nikasimama. Ningefanya nini?

Mwezi ukafika. Kikundi kingine, fimbo za chuma nyingine, mkia wa punda uleule. Nilitegemea kumkuta Lokuruka na watu wawili watatu. Tulimkuta na nusu ya mlima. Walikuwa hawajaacha kutafuta hata siku moja.

"Tumefika hadi barabara ya Lokichoggio," akaniambia. "Kuna kijana ameshamtungia wimbo. Na usihofu, tunajua huchechemea mvua ikikaribia, na hapendi punda."

"Nani kasema hapendi punda?"

"Wewe."

Sikumbuki kusema. Lakini alivyosema nikamwona kabisa, masikio yamelala, anamnunia punda.

Wageni wapya walikuwa wameshaambiwa na Nekesa, kwa hiyo waliingia kwenye mstari macho yakiwa chini, wanasukumana. Ejore akanivuta pembeni. Alikuwa amenunua viatu vipya, mke wake amepaka nyumba rangi.

"Ata, wakimpata leo itakuwaje?"

"Si madam amesema apatikane kabla ya chakula?"

"Hawa si waigizaji, unajua. Hawa wakimpata, wamempata. Mwezi ujao nitawaambia tunapanda kutafuta nini?"

Nikamwambia nakwenda haja, nikazunguka mwamba, nikashuka kwenye kijikorongo chenye mchanga laini.

Ulikuwepo pale. Unyayo mmoja, halafu mwingine, halafu mstari mzima unapanda kuelekea majini. Ngamia jike, mkubwa, peke yake, amepita asubuhi hiyo hiyo. Labda alikuwa wa mtu, anakwenda kunywa zake. Lakini moyo uliniruka. Kabla sijafikiri neno lolote nilikuwa nimeshasema, "Yuko hai!" Nikasikia machozi. Machozi, mimi, kwa mnyama niliyemtoa mdomoni!

"Awoi!" Sauti ya Lokuruka ilikuwa inakaribia upande wa pili wa mwamba. "Umeona kitu?"

Nikauangalia ule unyayo mara ya mwisho. Kisha nikavuta kandambili yangu juu yake, nikaufuta, nikaufuta wa pili, nikaenda nao nikifuta mpaka mchanga ulipoishia kwenye mawe.

"Huku hakuna kitu!" nikaita. "Twendeni upande ule mwingine."